Maswali ya Wasomaji: Kabla Hujanunua Hisa za Kampuni Changa ya Nishati na Majengo

Barua za safari hii zimeelekea upande mmoja: watu wanataka kuweka fedha katika kampuni changa zinazopunguza umeme, joto na hewa ukaa katika majengo, na wanataka kujua waulize nini kabla ya kutia saini. Hesabu zote tumezifanya kwa dola. Viwango ni vya mfano tu, kwa hiyo weka bei za mahali ulipo kisha upige upya.

SWALI: Nina hisa chache katika kampuni ya programu za simu na zimenilipa vizuri. Sasa rafiki yangu anataka tuingie pamoja kwenye kampuni inayotengeneza pampu za joto za kupashia maji na kupoza vyumba. Anasema kampuni changa ni kampuni changa tu, hesabu ni ileile. Je, ni kweli? (Mwekezaji mdogo)

JIBU: Hesabu si ileile hata kidogo. Programu ikishaandikwa, kumhudumia mteja wa elfu kumi hakuna gharama ya maana. Pampu ya elfu kumi inadai shaba, kompresa, fundi wa kuifunga, na dhamana ambayo kampuni itaibeba kwa miaka. Kila pampu iliyouzwa leo ni deni dogo la kesho, na kampuni nyingi changa haziliandiki popote.

Funzo la zamani lipo. Kati ya 2006 na 2011, wawekezaji wa mitaji ya ubia waliingiza zaidi ya dola bilioni 25 katika kampuni za teknolojia safi, na zaidi ya nusu ya fedha hizo ikapotea. Anayekumbukwa zaidi ni Solyndra ya California, iliyokuwa na mkopo wa dola milioni 535 uliodhaminiwa na serikali ya Marekani na ikafilisika Septemba 2011. Paneli zake za mirija zilitoa umeme kama ilivyoahidiwa. Kilichoizamisha ni dhana kwamba silikoni ingebaki ghali kama mwaka 2008, kilo moja ilipovuka dola 400. Bei ikaporomoka, paneli za kawaida zikawa rahisi, na faida yote ya kutotumia silikoni ikayeyuka. Miaka ya karibuni Katerra, iliyotaka kujenga nyumba kwa vipande vya kiwandani, ilikusanya takriban dola bilioni 2 na kufilisika Juni 2021. Northvolt ya Sweden ilianguka Machi 2025, ikiwa imeshindwa kuzalisha betri kwa wingi na ubora ilioahidi. Katika visa hivi vyote kifaa kilikuwepo. Kilichokosekana ni uwezo wa kukitengeneza kwa bei ya soko na kwa wakati.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kampuni ya pampu ni hili: ni fedha kiasi gani zitahitajika hadi kiwanda cha kwanza kiuze kwa faida, na zitatoka wapi? Benki haikopeshi mashine isiyo na rekodi ya miaka ya kazi, na fedha za hisa ni ghali mno kujengea karakana. Kati ya hapo kuna bonde, na kampuni nyingi zinafia humo. Anayekodisha laini ya uzalishaji ya mtengenezaji mwingine ana nafasi ya kulivuka. Anayetaka kumwaga zege la kiwanda chake kwa fedha za awamu ya pili ya hisa, mkae mbali naye.

Pili, uliza pampu inatumia gesi gani. R-410A ina nguvu ya kupasha joto dunia takriban mara 2,088 ya hewa ukaa, R-32 ni mara 675, na propani, yaani R-290, haifiki hata 5. Makubaliano ya Kigali ya 2016 yanazibana gesi kali hatua kwa hatua, na Marekani imezuia vifaa vingi vipya vya viyoyozi vyenye gesi ya zaidi ya 700 kuanzia 2025. Kampuni iliyobuni kifaa chake kwa R-410A itarudi mezani kubuni upya kwa fedha zako. Propani nayo inawaka, kwa hiyo uzito wa gesi ndani ya kifaa una kikomo cha kisheria, na si kila fundi wa viyoyozi amefunzwa kuishika. Uliza ni mafundi wangapi wamefunzwa, na nani aliyelipia mafunzo hayo.

Tatu, ukitajiwa kwamba uniti 1 ya umeme inatoa uniti 4 za joto, uliza imepimwa kwa nyuzi ngapi nje na maji yakitoka na nyuzi ngapi. Maji ya nyuzi 35 ya kupitisha sakafuni ni kazi nyepesi. Maji ya kuogea ya nyuzi 55 au 60 hushusha kiwango hicho kwa kiasi kikubwa, na tarakimu iliyochapishwa kwenye kipeperushi kwa kawaida ni ile ya kazi nyepesi.

SWALI: Kampuni moja inasema programu yake ya akili bandia inaongoza viyoyozi vya majengo ya ofisi na kupunguza umeme kwa asilimia 30. Wana majengo 14 na wanaonyesha grafu nzuri. Mimi si mhandisi. Nitajuaje kama asilimia 30 ni ya kweli? (Mhasibu)

JIBU: Uhasibu wako unatosha, kwa sababu hili ni suala la ukaguzi kuliko uhandisi. Umeme uliookolewa haupimwi na mita yoyote. Mita inapima uliotumika, na akiba ni tofauti kati ya uliotumika na ule ambao ungetumika bila programu. Huo wa pili ni makadirio, na udanganyifu wote, wa makusudi na wa bahati mbaya, hukaa ndani yake.

Anza kwa kuuliza asilimia 30 ya nini. Mara nyingi ni ya viyoyozi peke yake. Viyoyozi vikila asilimia 40 ya bili, 30 hiyo ni 12 ya jengo zima. Kisha omba data ghafi, si grafu: usomaji wa mita kila saa au kila robo saa, miezi 12 kabla ya programu na miezi 12 baada yake. Ukipewa miezi mitatu, unaweza kuwa unatazama tofauti ya majira tu. Matumizi ya kabla lazima yawe yamelinganishwa na joto la nje la siku zilezile, vinginevyo mwaka wenye ubaridi kidogo huleta akiba ambayo hakuna aliyeifanyia kazi. Angalia pia tarehe. Mwaka wowote wa kulinganishia unaogusa 2020 au 2021, ofisi zilipokuwa tupu, uutilie shaka. Na uliza ni nini kingine kilibadilishwa kipindi hicho: taa za LED, mashine mpya ya kupoza, ghorofa iliyohamwa na mpangaji.

Kuna vipimo vinavyokubalika. Mwongozo wa 14 wa ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, unataka kosa la modeli, yaani hesabu inayokadiria umeme ambao ungetumika, lisizidi asilimia 15 kwa data ya mwezi, au 30 kwa data ya saa. Utaratibu wa kimataifa wa upimaji, IPMVP, unashauri kutotumia mita ya jengo zima kudai akiba iliyo chini ya asilimia 10 hivi, kwa kuwa kelele za kawaida za jengo zinaimeza. Kampuni isiyotambua majina haya mawili haijawahi kukutana na mteja mkali. Kipimo tunachokipenda zaidi hakihitaji hata modeli: washa programu wiki moja, izime inayofuata, endelea hivyo miezi kadhaa, kisha linganisha. Kampuni yenye imani na kazi yake itakubali. Inayosita, itakupa sababu ndefu.

Omba pia rekodi za joto la ndani na malalamiko ya wapangaji. Kupandisha kiwango cha kiyoyozi kwa nyuzi 2 kunaokoa umeme bila akili yoyote, bandia wala ya kuzaliwa.

Tuseme asilimia ni za kweli. Bado hujafika kwenye fedha. Jengo lina bili ya dola 100,000 kwa mwaka, viyoyozi ni 40,000, akiba halisi ni asilimia 20, yaani 8,000. Mteja atakubali kulipa labda 3,000 kwa mwaka. Kuunganisha jengo kunagharimu 9,000: mita ndogo, kisanduku cha mawasiliano, na saa nyingi za mhandisi. Kulihudumia ni 1,000 kwa mwaka. Inabaki 2,000, kwa hiyo gharama ya kuunganisha inarudi baada ya miaka minne na nusu, hapo hujamlipa muuzaji wala mwandika programu. Kama mkataba ni wa miaka mitatu, kila mteja mpya anaongeza hasara, na kampuni ikikua haraka itakufa haraka.

Zile saa za mhandisi ndizo siri ya biashara hii. Majengo yenye mfumo wa udhibiti hutumia lugha kama BACnet au Modbus, lakini majina ya vipimo ndani yake aliyaandika fundi aliyefunga mfumo, kwa mtindo wake. Kipimajoto kilekile kina jina moja jengo hili na jina lingine jengo la jirani, na mtu lazima akae alinganishe mamia ya majina. Majengo ya zamani hayana mfumo kabisa. Kwa hiyo uliza jengo la kwanza lilichukua saa ngapi kuunganishwa, na la kumi na nne saa ngapi. Kama lilianza na 200 na sasa ni 40, unaona bidhaa. Kama bado ni 180, hiyo ni kampuni ya ushauri iliyovaa nguo za programu, na haistahili bei ya kampuni ya programu.

Mwisho, omba orodha ya majengo ambako mafundi wameizima programu. Kila kampuni ya aina hii inayo. Chujio likiziba au vali ikivuja, programu huendelea kuamuru ubaridi usiofika, mpangaji analalamika, fundi anarudisha swichi kwenye uendeshaji wa mkono, na akiba inaisha kimyakimya huku ripoti ya mwezi ikiendelea kutoka.

Na tazama anayelipa bili ni nani. Mpangaji akilipa umeme na mwenye jengo akinunua mfumo, anayetoa fedha hapati akiba. Majengo 14 ambayo wenyewe wanayakalia yana thamani kuliko 40 ya kupangisha.

SWALI: Kampuni inafunga betri katika majengo: zinachajiwa usiku umeme ukiwa rahisi, zinatumika saa za bei ya juu. Wanasema betri inajilipa kwa miaka kumi. Hesabu yao ina ukurasa mmoja. Mnaionaje? (Fundi umeme)

JIBU: Ukurasa mmoja unatosha ukiwa na mistari yote. Tuipige. Betri ya uniti 100, ikiwa imefungwa pamoja na inveta na ulinzi wa moto, tuseme dola 400 kwa uniti: 40,000. Unatumia asilimia 90 ya ujazo. Ndani ya miaka kumi inachoka, kwa hiyo chukua wastani wa asilimia 90 ya uwezo wa awali. Mizunguko 300 kwa mwaka. Hiyo ni 100 × 0.9 × 0.9 × 300, sawa na uniti 24,300 kwa mwaka, au 243,000 kwa miaka kumi. Gawa: kila uniti inayotoka ina gharama ya betri ya senti 16.5.

Umeme wa usiku ni senti 6, lakini betri hurudisha asilimia 88 ya ulichoweka, kwa hiyo unakuwa senti 6.8. Bei ya juu ikiwa senti 25, unaokoa 18.2 kwa uniti. Toa 16.5, inabaki faida ya 1.7. Hapo ndipo ukurasa wao unapoishia, bila shaka.

Haujagusa gharama ya mtaji. Dola 40,000 kwa asilimia 10 kwa miaka kumi ni marejesho ya takriban 6,510 kwa mwaka. Gawa kwa 24,300: senti 26.8. Faida ya 1.7 imekuwa hasara ya 8.6 kwa kila uniti. Betri ni ileile, mteja ni yuleyule. Katika biashara ya nishati anayekopa kwa asilimia 5 na anayekopa kwa 12 hawako katika biashara moja.

Hii haimaanishi betri hazilipi. Zinalipa pale zinapofanya kazi mbili: kukata kilele cha kVA, yaani mzigo wa juu kabisa wa umeme, ambacho wateja wakubwa hutozwa kila mwezi, na kuchukua nafasi ya jenereta. Lita moja ya dizeli kwenye jenereta ndogo hutoa uniti 3 hivi, kwa hiyo umeme wa jenereta una gharama kubwa ya mafuta peke yake. Lakini hapo pia hesabu mizunguko. Mahali umeme unapokatika kila siku betri inashinda. Ikiwa inafanya kazi mara 60 kwa mwaka, inatoa uniti 4,860, na marejesho yaleyale yanakuwa dola 1.34 kwa uniti. Hapo unanunua bima, na kampuni iseme wazi kwamba inauza bima.

Wewe ni fundi, kwa hiyo utayaangalia haya kwa urahisi kuliko wengine: aina ya seli (LFP, yaani za lithiamu, chuma na fosfeti, huvumilia mizunguko mingi zaidi na moto wake ni mgumu kuanza kuliko za nikeli), chumba kina joto gani (seli zinazokaa juu ya nyuzi 35 huzeeka mapema), na kama majaribio ya UL 9540A, ya kuona moto wa betri unavyosambaa, yamefanyika, kwa sababu bima ya jengo itayauliza. Isome dhamana yenyewe. Nyingi zina vikomo viwili, miaka kumi au jumla ya uniti zilizopita, chochote kitakachotangulia. Kampuni inayopanga mizunguko 600 kwa mwaka kwenye seli zenye dhamana ya 3,000 itaimaliza dhamana kwa miaka mitano.

Jambo la mwisho ni ghala. Kwa takwimu za BloombergNEF, wastani wa bei ya pakiti za lithiamu ulikuwa dola 139 kwa uniti mwaka 2023 na 115 mwaka 2024. Kampuni iliyojaza ghala mapema ili ipate punguzo ilikaa juu ya bidhaa inayopungua thamani kila mwezi.

SWALI: Je, mapato ya hati za hewa ukaa, yaani kuuza tani za hewa ukaa zilizoepukwa, yahesabiwe katika makadirio ya kampuni ya kuokoa umeme?

JIBU: Yafute. Chukua lile jengo la ofisi hapo juu: akiba ya dola 8,000, kwa senti 15 kila uniti, ni uniti 53,000 hivi. Gridi yenye nusu kilo ya hewa ukaa kwa uniti inakupa tani 27. Kwa dola 10 kwa tani ni dola 270 kwa mwaka, na mkaguzi wa kuthibitisha tani hizo anagharimu mara nyingi zaidi ya hapo. Ukiunganisha majengo mia kadhaa hesabu huanza kusogea. Makadirio yanayosimama tu kwa mstari huu yalikuwa yameshaanguka bila huo.

SWALI: Ninafanya kazi ya ukandarasi. Nimeona kampuni changa za saruji ya hewa ukaa kidogo zinatafuta mtaji. Soko la saruji ni kubwa mno, kwa nini wawekezaji wanasita? (Mkandarasi)

JIBU: Ukubwa wa soko hapa unapotosha. Saruji inatoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotokana na binadamu, na zaidi ya nusu ya hiyo haitokani na mafuta ya tanuri. Inatoka kwenye jiwe lenyewe la chokaa, linapochomwa hadi nyuzi 1,450 hivi kuwa klinka, kiini cha saruji, na kuachia gesi iliyomo. Hata tanuri la umeme wa jua halitaiondoa sehemu hiyo. Kwa hiyo kampuni zinagawanyika: zinazopunguza klinka, zinazobadilisha kemia yote, na zinazokamata gesi kwenye bomba.

Kwa mtaji mdogo kundi la kwanza ndilo la kulitazama. Mfano unaojulikana ni LC3, mchanganyiko wa klinka asilimia 50, udongo uliochomwa 30, mawe ya chokaa yasiyochomwa 15 na jasi 5. Udongo huo unachomwa kwa nyuzi 700 hadi 850 tu, na hewa ukaa hupungua kwa asilimia 30 hadi 40. Kiwanda kilichopo kinaweza kuongezewa tanuri la udongo, na viwango vya Ulaya na Marekani tayari vina nafasi kwa saruji za namna hii. Wewe mwenyewe utakumbana na kasoro yake eneo la kazi: udongo uliochomwa unakunywa maji, zege linakuwa zito kumwagika, na fundi akiongeza maji kwa jicho nguvu inaanguka. Dawa ni kilainishi cha zege, na bei yake iwe ndani ya hesabu ya kampuni. Nyingi huiacha kwa mteja.

Kemia mpya kabisa ina ukuta mwingine. Kipimo cha nguvu cha siku 28 kinapatikana kwa mwezi mmoja, lakini mhandisi anayesaini nguzo za jengo anataka kujua nondo zitakuwaje baada ya miaka 50 karibu na maji ya chumvi. Hakuna maabara inayoweza kumharakishia miaka hiyo kwa uhakika kamili, na bima yake ya kazi haitamfunika akitumia kisichomo kwenye viwango. Ndiyo maana kampuni hizi huanza na matofali ya njia, kingo za barabara na vipande visivyobeba mzigo. Hatua hiyo ni nzuri, ila bei wanayokuomba isiwe ya soko lote la zege huku wakiuza vigae vya uani.

Na saruji ni nzito kwa bei ndogo. Kila kilomita ya lori inakula faida, kwa hiyo kiwanda kimoja kinahudumia eneo lake tu, na cha pili kinahitaji mtaji upya.

SWALI: Nina dola 10,000. Kampuni ina thamani ya milioni 5 sasa, nami naamini itauzwa kwa milioni 50. Nitapata 100,000, sivyo? (Mwalimu)

JIBU: Hapana, mwalimu, na ni vizuri kuiona hesabu kabla. Dola 10,000 kwenye milioni 5 ni asilimia 0.2. Kampuni ya vifaa itahitaji mtaji tena, tuseme awamu tatu, kila moja ikiuza asilimia 20 ya kampuni, na asilimia 10 nyingine ikitengwa kwa wafanyakazi. Kipande chako kinakuwa 0.2 × 0.8 × 0.8 × 0.8 × 0.9, yaani asilimia 0.092. Kwenye milioni 50 ni dola 46,000.

Bado. Wawekezaji wakubwa hushika hisa za upendeleo, zenye haki ya kurudishiwa fedha zao kwanza. Tuseme waliweka milioni 35 na wanamiliki asilimia 60. Wakigawana kama kila mtu watapata milioni 30, kwa hiyo watachagua 35 zao. Inabaki milioni 15 kwa wenye hisa za kawaida, ambao kwa jumla wana asilimia 40. Sehemu yako ya hiyo ni karibu dola 34,500.

Kampuni imekua mara kumi, fedha zako mara tatu na nusu. Ikichukua miaka tisa, ni chini kidogo ya asilimia 15 kwa mwaka, kwa kampuni iliyofanikiwa. Gawa fedha kwa kampuni kumi: tano zife, tatu zirudishe mtaji, mbili zilipe hivi. Utapokea karibu kilekile ulichoweka. Kampuni inayouzwa mara kumi haitoshi kuibeba kapu. Lazima mojawapo iende mbali zaidi, au bei ya kuingilia iwe chini zaidi.

Kwa hiyo uliza hisa unazopewa ni za kawaida au za upendeleo, na kama una haki ya kununua tena awamu zijazo kulinda asilimia yako. Ukipewa mkataba unaogeuka kuwa hisa baadaye, angalia kikomo cha thamani: milioni 5 hiyo ni kabla au baada ya kuhesabu mikataba mingine ya aina hiyo? Tofauti inaweza kukukata robo ya kipande bila mtu kuvunja sheria. Ukiingia kupitia kikundi kinachonunua kwa pamoja, msimamizi kwa kawaida atachukua asilimia 20 ya faida. Na usihesabu kuuza hisa zako katikati ya safari. Mnunuzi hayupo.

SWALI: Awamu inafungwa baada ya siku tano na wananiambia niharakishe. Niombe nyaraka gani?

JIBU: Omba daftari la wenye hisa likionyesha kila mkataba unaosubiri kugeuka hisa. Omba taarifa ya benki ya miezi sita, si makadirio, uone fedha zinatoka kiasi gani kwa mwezi na zilizobaki zitafika lini. Zikiisha chini ya miezi sita baada ya awamu hii, wewe unalipa madeni. Omba mikataba mitatu ya wateja ambayo mmoja wao ameshaisha, uone kama aliongeza muda. Barua za nia si mikataba, hata zikiwa na nembo kubwa. Omba hati ya umiliki wa uvumbuzi, na kama mwanzilishi alikuwa chuo kikuu au kwa mwajiri mwingine, karatasi ya huyo mwajiri kuachia haki. Omba idadi ya vifaa vilivyorudishwa kwa kasoro na gharama ya kuvirekebisha.

Kisha mpigie simu mteja ambaye hayumo kwenye orodha waliyokupa. Mafundi waliofunga kifaa ni rahisi kuwapata, na hawana hisa.

Wakikataa nyaraka kwa sababu ya siku tano, acha awamu ifungwe bila wewe. Kampuni ya vifaa itarudi kutafuta mtaji ndani ya miezi 18, na safari hiyo utakuwa na miezi 18 ya matokeo ya kusoma.